Kifaa cha Saba

Dukani kwangu Nyawera, chini ya ngazi,
dirisha la kompyuta halijui kusema kweli:
likikosa kitu linanyamaza
kama karani wa ofisi ya viwanja.
Kwa hiyo naliacha. Nafungua kioo cheusi,
naandika herufi tano, l, s, u, s, b,
na mashine inaanza kuita majina.

Basi 001, Kifaa 001: mzizi wenyewe,
huitika hata nyumba ikiwa tupu.
Basi 001, Kifaa 002: kipanya, mkia umefungwa kwa gundi.
Basi 001, Kifaa 003: kibodi iliyong'oka M;
barua za wateja wangu zote zinaanza kwa "Ungu ni wewa".
Basi 001, Kifaa 004: printa ya Papa Cirhuza,
aliiweka rehani tangu mvua za Machi.
Basi 002, Kifaa 001: mzizi wa pili.
Basi 002, Kifaa 002: kamera ya picha za pasipoti.

Sita. Mama Nsimire anahesabu nami, kwa kidole.

Amekuja kabla ya soko, kitenge kingali na povu.
"Usimwambie Ashuza. Nimefua suruali yake.
Kitabu chake cha chuo kilikuwa mfukoni,
kurasa themanini na nne,
na Jumanne anakitetea mbele ya walimu.
Bado amelala."

Flashi inanukia sabuni ya mche.
Naichomeka: sita.
Tundu la nyuma: sita.
Naifungua ganda, naipangusa kwa kanga ya mtoto,
naiweka juu ya birika, si karibu mno,
na tunakaa. Wabeba mizigo wanapanda Kadutu
huku wanapiga kelele wapishwe njia.

"Hizo namba nne, nukta mbili, namba nne, ni za nini?"
Ukoo, mama. Halafu jina la mtoto.
Ukoo ni kiwanda kilichomzaa.
"Na mzigo aliobeba?"
Huo hauandikwi hapa.
Anatikisa kichwa, kama mtu aliyekwisha kupita
kwenye vizuizi vingi vya barabarani
alikoulizwa jina tu.

Saa mbili kasoro. SNEL imekuwa na huruma hadi sasa.
Nachomeka tena, polepole,
kama mtu anayemvalisha mgonjwa kiatu.
Herufi tano.

Basi 002, Kifaa 003.

Mstari wa saba.
Ukoo upo, jina lipo, hakuna kilichofutika
katika jina.
Mama Nsimire anausoma kwa sauti, neno la kwanza tu:
"Basi."
Sijui kama anasoma au anashukuru.

Nami sijamwambia bado
kwamba kuitika ni kitu kimoja
na kufunguka ni kingine;
kidole changu kiko juu ya kibodi,
kwenye shimo la M,
na taa, huko juu, imeanza kupepesa.