Mstari wa Kumi na Tisa

Usiku wa kutoa toleo la pili
upepo wa Nkuhungu ulikuwa unatikisa bati,
vumbi limeingia hata chini ya vitufe vya kompyuta,
nami nikafungua faili la shukrani
kwa moyo mweupe, nawaambieni, mweupe
kama unga wa mtama uliokobolewa vizuri.

Programu yetu ni ndogo, haiuzwi:
unaingiza kina cha kisima, idadi ya kaya, ng'ombe,
inakwambia maji yatakufikisha mwezi gani.
Aliyetaka aliichukua. Aliyeweza aliirekebisha.
Watu ishirini na mmoja walishagusa msimbo wake.

Nikawaandika wote: jina, mji, barua pepe.
Ndahani wa Mpwapwa, aliyechora alama za ndoo.
Yaledi wa Bahi, aliyetafsiri kwa Kigogo
na kugombana nami wiki nzima
juu ya neno moja la tope.
Mstari wa kumi na tisa nikamwandika Sechelela.

Yeye hakuwahi kujiita hivyo kwetu.
Kwetu alikuwa Uwele82, basi.
Uwele82 ndiye aliyegundua kwamba kisima kikikauka
programu inagawa kwa sifuri, inaanguka chali.
Akaandika mistari sita, ikasimama.
Jina lake la nyumbani nililipata
siku niliyomtumia hela ya bando:
simu ilinionyesha kabla sijathibitisha.
Nikalihifadhi kama chenji ya mtu iliyobaki mfukoni mwangu,
kisha nikaitumia.

Asubuhi akapiga. Ndiyo mara ya kwanza kuisikia sauti yake.
Hakuipandisha.
"Nani alikupa?"
Nikasema nilitaka dunia ikujue.
"Dunia ipi? Humo kuna mtu mmoja
nimehama wilaya mbili asijue nilipo."
Akanyamaza, kama anayejutia hata hicho kipande,
maana nacho sikustahili kupewa.

Nikafuta. Lakini mnaoijua kazi hii mnajua
hifadhi yetu haisahau. Kufuta nako kunaandikwa:
tarehe, saa, na kilichofutwa, kwa rangi nyekundu.
Ni kufagia nyayo kwa ufagio unaoacha mistari.
Nikaisuka upya historia nzima, sikulala siku mbili.
Nakala arobaini zilikuwa zimeshaondoka.
Nikamwandikia kila mwenye nakala, nikiomba
bila kusema naomba kwa nini.
Thelathini na watatu wakajibu.
Hao saba sijui wako wapi,
wala jina lake litakaa kwao hadi lini.

Wanasimulia kwamba mji huu uliitwa kwa tembo aliyezama topeni,
watu wakapaza sauti: Idodomya!
Wageni wakalipunguza neno, wakalibandika kwenye ramani.
Hadithi hiyo niliwahi kuisimulia mara ngapi, nikicheka.
Tembo hakuulizwa.

Siku hizi natanguliza swali:
Tukushukuruje? Kwa jina lipi? Au tusikutaje?
Na asiyejibu, simwandiki.
Hapa si posa, kimya si ridhaa.
Ndahani ametaka herufi moja tu, na nukta.
Yaledi ametaka jina lake, la baba, la babu,
na la mbuga alikochungia huyo babu;
nimeyaandika yote, mstari umetoka nje ya kioo.

Wa kumi na tisa ni mtupu.
Kijana mmoja wa pale chuoni alidhani ni kosa,
alitaka kuuondoa ili faili likae sawa.
Nikamwambia uache.
Akauliza ni wa nani.
Nikamwongeza chai.

Juzi, upande wa Mvumi, kisima kimoja kilikauka.
Mhudumu akaingiza kina: sifuri.
Programu ikakaa kidogo, kama mtu anayemeza mate,
ikaandika: *Hakuna maji. Angalia kisima cha jirani.*
Haikuanguka.
Akanipigia akicheka kwa mshangao:
mwanzoni ilikuwa inazima, nani aliitengeneza,
nimpe asante?
Nikasema, nipe mimi, nitaifikisha.

Namba yake bado ninayo.
Sijaipiga.