Mlima Ubavuni

Gari lilishuka melini Kilindini likiwa limevaa nguo za baridi.
Sikujua. Nililileta Malindi madirisha wazi,
nikijiona bwana,
tairi zikinung'unika juu ya lami ya Takaungu
kama mtu atafunaye korosho usingizini.

Juma la tatu Umazi Tsuma akapiga magoti
kwenye uwanja wake wa Kisumu Ndogo,
akadidimiza kucha kwenye raba.
"Laini mno. Kwa jua letu, hii ni halua."
Kisha akanionyesha ubavuni:
mlima wa vilele vitatu,
na ndani yake kijiua cha ncha sita.

Ua gani? Bwanakai, mwanafunzi wake,
aliapa ni nembo ya kampuni ya chumvi.
Mimi nikaikumbuka friza yangu ya chanjo,
ule ukoga mweupe niukwanguao kwa kijiko kila Jumamosi.
Theluji.
Mlima wa theluji chini ya daktari wa mbuzi.

Nilitaka makubwa, nasema kweli.
Niliyaona kwa mkandarasi mmoja wa hoteli,
mapana, meno kama ya mamba wa Sabaki.
Nipe yale, nikasema, mia mbili arubaini na tano kwa sabini,
masika yakija nisimwangukie mtu anivute.

Hakubisha. Alifungua mlango wa dereva,
akafuta vumbi kwa ncha ya leso.
Pale kwenye nguzo, kibandiko kidogo kama kadi ya kliniki,
maandishi ya kwao hayasomeki,
lakini tarakimu hazina kabila:

225/65 R17.

"Upana huo, kwa milimita.
Sitini na tano ni kimo cha ubavu, asilimia ya huo upana.
R, usijali, nyuzi zimelala hivyo.
Kumi na saba ni rimu, nayo hupimwa kwa inchi,
usiniulize kwa nini, waliokubaliana hawakuniita.
Ukinunua, tazama pia mia na mbili hii ya mwisho:
kilo mia nane na hamsini, kila mguu.
Chini ya hapo usichukue, hata ukipewa na soda."

Akanifungia lile kubwa, mguu mmoja tu wa mbele.
"Kata usukani wote."
Nikakata. Madigadi yakalia kama mbuzi anayetobolewa sikio.
"Na saa yako itakudanganya. Itasema themanini,
nawe u themanini na sita. Askari wa Gede
hatakusomea hesabu. Nguo ya kuazima, daktari..."
Akaachia hapo. Mbele ya mteja ana adabu.

"Mvua ikinyesha unakwenda wapi?"
Garashi. Baricho. Mazizi ya nyuma ya Marafa.
Sanduku la chanjo, mtungi wa naitrojeni,
siku nyingine ndama kwenye kiti cha nyuma.
"Basi huendi harusini.
Tope ni uji mzito: mwiko mpana huelea,
kisu hugusa chungu."

Mfukoni mwa mlango nilikuta stakabadhi,
karatasi nyembamba, wino umefifia, mstari mmoja tu naufahamu:
225/65 R17.
Basi kuna mtu, kwenye baridi yake,
aliyefungua mlango huu huu, akainama, akasoma,
naye labda alitamani makubwa.
Hakukosea yule. Alinunua raba ya majira yake.

Nikachukua kipimo kile kile, raba ngumu, meno ya tope.
Nililipa kwa mafungu mawili.
Mwezi wa nne, usiku, udongo mweusi wa njia ya Garashi
ulinishika hadi kwenye rimu, ukafikiri,
ukaniachia. Nilichelewa hata hivyo. Mbuzi alikuwa amekwisha zaa
bila mimi, mapacha, wanatetemeka.

Zile za zamani Bwanakai alizikata katambuga.
Anasema ni laini kuliko zote alizowahi kuvaa.
Juzi nilimwona sokoni akiruka dimbwi,
mlima kisigino cha kulia,
theluji kisigino cha kushoto.