Sahani

Saa tisa usiku, ghala la mchele, Obunga.
Nimemaliza mzunguko wa tatu, kufuli zote salama,
rungu nimeliegemeza ukutani,
na simu ya mtumba, kioo chake kina ufa,
nimeishika mbele ya mdomo kama kikombe cha uji wa moto.
Nabonyeza kipaza sauti. Nasema: Shani.
Inafikiri.
Inaandika: sahani.

Narudia polepole, ulimi nimeuinua
kama alivyonielekeza kijana wa duka la simu kule Kondele.
Sahani.
Nasema tena, kwa hasira kidogo.
Sahani mbili.

Si kwamba Kiswahili sikijui.
Nimefukuza wezi kwa Kiswahili, nimeombea mkopo,
nimemsindikiza rafiki kaburini kwa Kiswahili
maana wakwe zake hawakusikia Dholuo.
Ila sauti hiyo moja mama hakunipa; hakuwa nayo.
Kinywa changu ni nyumba isiyo na chumba hicho.
Mgeni huyo akibisha nampeleka kwa S,
alale humo humo, wabanane.

Sasa mwanangu Ochola anakaa Nakuru,
mtaa wa Shabab
(simu iliandika: sababu),
na mkewe, binti wa Mvita, akampa mtoto jina
bila kuyauliza meno ya babu yake.
Shani. Jambo la ajabu, kitu adimu.
Ana miaka minne na hana huruma.
"Babu, sema vizuri! Mimi si Sani!"
Kila Jumapili ananiachia maneno ya kwenda kujifunza.

Nikasema shimo, simu ikaandika simo.
Shaba ikawa saba.
Shusha ikawa susa, na kweli nikasusa;
siku mbili simu ililala ndani ya koti.

Usiku wa tatu panya akatoboa gunia.
Nilisikia kabla ya kuona: mchele wa Ahero
ukimwagika sakafuni gizani, shaaaa,
mrefu, bila kukata pumzi.
Nikazima tochi. Nikakaza meno, nikachongoa midomo,
nikaufuata.
Iliteketea kilo nzima kabla sijaziba tundu.
(Asubuhi nilimwambia meneja ni nusu.)

Nikatoa simu. Nikalimwaga jina.
Shani, ikaandika, kwa herufi kubwa,
nami nikalisoma kuliko ninavyosoma kitambulisho changu.

Jumapili nikapiga. Nikasafisha koo.
"Hujambo, Shani?"
Kimya. Kijiko. Redio ya jirani.
Halafu sauti ndogo, mdomo umegeukia kwingine:
"Mama, kuna mtu ameshika simu ya Babu."

"Ni mimi," nikasema.
"Mimi nani?"
Jasho lilinitoka kama siku ile ya mahojiano ya kazi.
Nikauacha ulimi urudi kitandani kwake.
"Sani. Sani, nyakwara."
"Babu! Leo tunakula wali!"
Nikasikia sahani zikigongana.

Usiku huo nikairudisha simu mdomoni.
Nikasema: nyakwara.
Ikafikiri sana.
Ikaandika: nyakua, halafu ra, peke yake, kama yatima.
Nikavuta kiti, nikakaa.
Rudia, nikaiambia. Polepole.