Pistoni ya Sita

Baba aliifungua usiku, siku tatu mfululizo,
mwaka ule askari walipokuwa wanapanda kutoka Pakwach.
Lori zima huporwa, alisema;
lori lililotawanywa ni vyuma tu.

Krankshafti aliipaka mafuta ya ng'ombe,
akaivisha gunia, akaizika kwenye muhogo
kama mtu mfupi.
Valvu kumi na mbili zikaingia chungu cha simsim.
Bloki haikuwa na wa kuibeba,
mama akaipindua, akaanikia sahani juu yake.
Pistoni sita, watu sita.
Kisha tukavuka kwa miguu kuingia Zaire,
na Bedford nzima ikiwa kichwani mwa mama.

Sasa ni tisini na nne. Tuko Mvara tena.
Baba alibaki kule, ardhini.
Mama hajui pistoni ni nini, anajua nyumba:
"Kikombe kizito kimoja kiko kwa Onzima.
Kingine kwa mjane wa Drani, mwombe kwa upole,
tulihama nikiwa na deni lake la chumvi."

Nikazunguka na baiskeli.
Kwa Onzima kilikuwa kinapondea karanga.
Kwa mjane kilizuia mlango, akanipa,
mlango ukajifunga nyuma yangu
kabla sijamaliza kushukuru.
Katekista alikuwa amekifunga cha kwake
katika kitambaa cheupe, hata vumbi hakina.
Nikapata vitano.

Cha sita alipewa Anguzu, mdogo wake baba.
Kizuizini Vurra wakamwuliza, Umebeba nini?
Pistoni, afande.
Askari akasikia bastola.
Mama husimulia mpaka hapo,
halafu huenda kuangalia maharage.

Krankshafti tuliichimba shimo la tatu ndipo tukaigonga.
Ilisafiri Kampala juu ya magunia ya tumbaku, ikakerezwe,
ikarudi imepungua upana wa unywele.
Veranda yote ikawa tumbo la lori.
Mke wangu Candiru alinikuta naosha ringi
kwa mafuta ya taa, katika beseni la mtoto.
Jioni ile mtoto alinuka gereji,
nami nikala ugali mkavu.

Pistoni mpya nilinunua Kisekka.
Ilikuwa nzuri, inang'aa, na nzito kuliko wenzake.
Injini haivumilii hilo:
mmoja akizidi, wote hutetemeka
mpaka kitu kivunjike.
Mizani ya sokoni hupima muhogo, haijui tofauti ndogo.
Nikaenda kwa Mapasa, Mkongo anunuaye dhahabu.
Visahani vyake vilikuwa vidogo mno,
akaning'iniza pistoni kwa uzi, moja kila upande,
akaongeza njiti za kiberiti hadi mkono ukatulia.
"Njiti ishirini na saba," alisema. "Mgeni wako ameshiba."

Nikampiga tupa kwa ndani, chini, moto usikofika.
Jioni tatu. Napunguza, napeleka, napunguza.
Unga wake ulimeremeta vidoleni mwangu
na Mapasa akautazama kwa mazoea ya kazi.

Jumapili, betri ya kuazima kutoka banda la video.
Mara ya kwanza, kimya.
Ya pili, kikohozi, na kuku wote wakahama ua.
Ya tatu moshi mweusi ukapanda,
kifuniko cha sufuria kikaanza kucheza jikoni,
na injini ikanguruma juu ya magogo,
bila lori, bila magurudumu,
haina pa kwenda.

Nikaegemeza bisibisi kwenye bloki, mpini sikioni.
Moja, safi. Mbili. Tatu. Nne. Tano.
Ya sita inagonga, kidogo tu,
kama mtu anayebisha kwa kidole kimoja.
Nikanyoosha mkono niizime, niikague.

Mama alikuwa nyuma yangu, mwiko mkononi.
"Ni ipi hiyo inayolia?"
Nikamwonyesha.
Akachukua bisibisi, akainama, akasikiliza,
maharage yakaungua, tukayanusa, hakuna aliyekwenda.

"Usimzime," alisema.