Mtu wa Kawaida Mwenye Ujuzi

Wamekutaja mara kumi na moja asubuhi hii,
ghorofa ya nne, Kivukoni,
feni ikigeuza shingo kama ina chango.
Wakili wa kampuni anakujua kama shemejiye:
"Waheshimiwa, mtu wa kawaida mwenye ujuzi wa fani hii
angeliona jambo hili bila kutoka jasho."
Majaji watatu wakaandika.

Nina miaka thelathini na miwili Gerezani.
Nimefungua stata za malori, za jenereta, za trekta la misheni.
Sijapata kukuona.

Hukuwapo lile lori la saruji lilipozimika Kamata,
likalia kri, kri, tak,
kisha kimya,
nami nimelala chali juu ya boksi,
oili ikinidondokea sikioni,
nikijiuliza kwa nini gia ndogo inang'ata
kabla haijalijua jino la mwenzake.
Ipapase kwanza, nikasema.
Ipapase pengo, ndipo ing'ate.
Springi niliitoa kwenye cherehani ya dada yangu Mwashabani,
akaninunia hadi Idi.

"Mchoro wa kwanza uko wapi, Mrufani?"
(Shaweji ni jina la jaladani tu.)
Nilichora kwa chaki, sakafuni.
Masika yakaja, yakausoma, yakaondoka nao.
Watu wakacheka kidogo. Karani hakucheka.

Wakili wangu, Kokushubira, akaninong'oneza habari zako:
umesoma kila kilichopata kuchapwa,
Kijerumani, Kijapani, hata matangazo;
huchoki, hudaiwi kodi ya banda,
na sheria, ilipokuumba,
ilikunyima kitu kimoja tu:
hujawahi kubuni.

Basi nikakuonea huruma, ndugu yangu.
Kitendawili kikishateguliwa
kila mtu alikuwa nacho mdomoni.

Hukumu ya rufaa, tarehe ishirini na moja.
Stata yangu imebaki kwao,
imefungwa kikaratasi kwa uzi: Kielelezo cha Nne.
Mwenye hataza ni nani, hatujui bado.
Mwenye lori amepiga simu mara tatu.

Ukipita Gerezani, uliza banda la mlango wa bati la bluu.
Spana namba kumi na tatu iko juu ya tairi.
Usijitambulishe.
Nitaitazama mikono yako kwanza.