Njugu

Nyumbani kwetu Pasua hatusemi karanga.
Tunasema njugu. Wateja hunisahihisha:
"Mama, hizi si karanga?"
Ni njugu, mia mbili kifuko, nunua au pita.

Sababu anayo baba watoto, aliyekaa miaka mitatu
ng'ambo ya mto, nyuma ya ukuta,
akishona viatu vya watu ambao miguu yao hakuiona.
Hakimu alisema atakaa,
mimi nikasikia lile kaa la jikoni,
jekundu, linalojila polepole hadi liwe jivu.
Hakukosea sana hakimu.

Alipotoka alikuta nimelifukuza neno.
Hata kitunguu sikikarangi, nakikaanga.
Mto wenyewe tunauita ule mto,
na wageni hudhani twazungumzia wa kitandani.

Basi Jumanne usiku, chini ya mto
(huu wa kitandani), simu ikatetemeka.
Aminieli: *Mama niko Karanga. Baridi kali.
Usimwambie baba.*
Kisha mtandao ukakatika.

Usiku kucha nikala kucha.
Aliniaga Jumamosi, kapata kibarua, anapanda.
Sikuuliza anapanda nini.
Kwetu watu hupanda migomba, hupanda basi,
wengine hupanda vyeo.
Kijana wa mtaa wa pili alipanda bangi katikati ya mahindi,
na huyo ndiye aliyenijia saa tisa usiku.

Asubuhi nikabeba sinia kama mtu aendaye kazini.
Getini, askari kijana, kola imenyooshwa kwa pasi.
"Unataka nini, mama?"
Ulimi ukanisaliti. "Karanga."
"Karanga ndiyo hapa."
"Namtafuta mtu."
"Na hizo kichwani?"
"Njugu."
Akacheka, akanunua mbili, akafungua daftari.
Wakina Aminieli ninao wawili, alisema,
mmoja ana mvi, mtu wa Kibosho,
wa pili alitoka mwezi jana.
Nikamshukuru Mungu kwa watoto wa wenzangu,
halafu nikaona aibu.

"Labda yuko juu," akasema,
kidevu kikielekea mlima usioonekana, wingu tupu.
"Kuna Karanga kule. Kambi. Shemeji yangu ni mpagazi.
Maji ya mwisho wanayachota hapo."
Ndipo hofu yangu ikabadilisha nguo:
koti lake nilikuwa nimeliona
msumarini, nilipokuwa natoka.

Ijumaa jioni akarudi, midomo imebambuka,
anateremka ngazi zetu tatu kinyumenyume, magoti hayamtaki.
Baba yake yuko uani, kisigino cha mtu mapajani.
Nilitaka kumkanyaga mtoto. Nikachelewa.
"Baba, nililala Karanga."

Nyundo ikakaa hewani.
"Kuna joto?"
"Hakuna."
"Wanawahesabu asubuhi?"
"Wanatuhesabu. Majina kwa majina."
"Mnakula?"
"Uji."
"Mna mizigo ya watu?"
"Kilo ishirini. Viti vyao, baba. Na choo chao."
Mzee akatoa misumari mdomoni, mmoja mmoja.
"Unaona nini, ukiwa huko?"
"Usiku ukitazama chini, unaona Moshi."
"Moshi tu?"
"Moshi wenye taa. Mji mzima. Nilidhani naiona na hii yetu."
"Sisi," akasema, "tulikuwa tunauona ule wa jikoni."

Akacheka. Miaka kumi na moja sijamsikia
akicheka kwa jambo lile, wala kwa upande huo wa koo.
Mtoto naye akacheka, midomo ikapasuka, ikatoka damu kidogo.
Mimi nilikuwa nimesimama na sinia kama mjinga,
siku hiyo hata zilikuwa zimeungua.

Mkono wa mzee ukaja bila uso wake kuja.
"Nipe karanga," akasema.

Nikampimia kifuko.
Sikumsahihisha.