Moja, Kutwa Mara Mbili

Huku Lanet Julai haibishi hodi, inauma tu.
Ukungu unateremka toka upande wa Menengai
na kuyakalia mabati kama mgeni asiyejua kuaga.
Saa kumi na mbili kasoro simu inalia,
nami natoka, shuka begani, malapa ya marehemu miguuni,
kumpa mbwa dawa.

Msicheke. Au chekeni, nimeshazoea.

Sajini alipoanza kunenepa nilijilaumu mimi.
Nikapunguza ugali, nikaondoa omena,
akazidi kuwa gunia.
Mkia ukanyonyoka, ukabaki kamba ya kuanikia,
ngozi ya ubavuni ikawa nyeusi, ngumu, kama sufuria ya kuni.
Huyu aliyemjua mwizi kwa kikohozi
akawa analala juani hadi jua limhame,
naye asilifuate.
Siku moja muuza maziwa aliingia mpaka jikoni,
akamruka kama kizingiti.

"Amezeeka," akasema wifi yangu Taprandich.
Miaka mitano. Uzee gani?

Daktari Wafubwa, ambaye siku nyingi
mkono wake umo ndani ya ng'ombe hadi begani,
alitoa damu, akaituma Nairobi ndani ya barafu.
Siku tisa. Kisha akaniketisha juu ya debe:
"Mama, mwili wake umemkosea.
Askari wa damu wameiona tezi ya shingo, wakaidhani adui,
wanaila polepole kutoka ndani.
Hatutawazuia. Tutampa tu kila siku
kile ambacho tezi ingempa."

Nilimwelewa upesi kuliko alivyotarajia.
Mume wangu alikaa jeshini miaka ishirini na miwili,
akarudi mzima, na medali mbili,
halafu usiku akawa anapigana na watu wasiokuwapo.
Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga.
Hawakufika chini ya ngozi.

Pale Pipeline, msichana wa duka la dawa:
"Jina la mgonjwa?"
"Sajini."
"La pili?"
Foleni nyuma yangu ilikuwa inapumua.
"Barng'etuny," nikasema.
Akaandika kwenye bahasha kwa mwandiko wa shule:
Sajini Barng'etuny. Moja, kutwa mara mbili.
Nikaitia pochini, ubavuni mwa kitambulisho cha mwenye jina.

Dawa hii ina wivu, haitaki kukutana na chakula.
Saa nzima kabla ya uji wake, tumbo likiwa tupu.
Basi hakuna kuificha ndani ya tonge.
Nampanua taya, naisukuma hadi mzizi wa ulimi,
namfunga mdomo, kisha nalisugua koo kwenda chini,
palepale vita vilipo,
mpaka nihisi kitu kinapita chini ya kidole.
Pale mama yangu alikuwa na rovu kama yai la bata.
Alilifunika kwa leso maisha yake yote,
na hakuna aliyempima damu.

Wiki ya kwanza, kimya. Ya tatu, kimya.
Tukarudi kwa Wafubwa, saa nne baada ya kidonge, si kabla.
Haitoshi, ongeza.
Ikazidi: akawa anahema, anazunguka ua usiku kucha
kama mlinzi aliyepewa zamu mbili.
Punguza robo.
Nauza mayai. Cherehani nimeshaiuza.
Taprandich amenihesabia: mbuzi wawili na mwanambuzi.
Kipimo cha Oktoba sijamtajia.

Jana nikianika nguo niliona mkiani
manyoya mapya, mekundu kidogo, laini kama ya kifaranga.
Sikumwita mtu.

Na leo, kabla ya simu kulia,
muuza maziwa alikohoa nje ya ua,
na Sajini akabweka. Mara moja, kwa sauti ya kukwaruza,
kama mtu anayejaribu ufunguo katika nyumba aliyohama zamani.

Nilikaa kitandani nikingoja mbweko wa pili.
Haukuja.
Nikavaa malapa.
Bahasha imebaki na vidonge vinne.